Mzee Irungu na Kishona Nguo

Mzee Irungu, karani mstaafu wa reli, alikuwa na adui mmoja tu pale mtaani Buruburu: gugu la kishona nguo. Jumapili moja mbegu zake nyeusi zilimganda kwenye suruali ya suti, akasimama kusoma somo kanisani huku waumini wakimcheka chinichini. Tangu siku hiyo aliapa kukifyeka chote kilichoota kando ya ukuta.

“Niachie cha pale kwenye kona tu,” jirani yake Aoko alimsihi. Aoko alikuwa mwalimu wa kemia, na wanafunzi wake walitaka kupima kama majani yale yanazuia bakteria.

“Mwalimu, hayo ni magugu, si somo.”

Jumamosi asubuhi Mzee akatoka na fyekeo. Pigo la nne likagonga jiwe, fyekeo likaruka na kumchana mguu. Aoko alikuja mbio na kitambaa safi.

“Wacha hicho! Ponda mucege unipake!” Mzee alikuwa akionyesha kishona nguo kilekile alichokuwa akikifyeka. “Cucu, nyanya yangu kule Othaya, alitutibu hivyo. Damu ilikuwa inakata papo hapo!”

“Mzee, mbwa wote wa mtaa hukojoa hapa!”

Aliukandamiza mguu kwa kitambaa mpaka damu ikapungua, kisha akampeleka kliniki. Mzee akashonwa nyuzi nne na kudungwa sindano ya pepopunda. Njiani kurudi alimgeukia Aoko.

“Kwa hivyo Cucu alitudanganya?”

“Sijui,” Aoko akasema. “Njoo shuleni Alhamisi tuangalie.”

Alhamisi akaenda, akichechemea. Sally, msichana wa kidato cha tatu, alimweleza walichofanya. Walikausha majani, wakayasaga, wakayaloweka kwenye spiriti ili kemikali zake zitoke. Kisha walichovya vipande vya karatasi, wakaviacha vikauke na kuviweka kwenye visahani vyenye bakteria. Vingine walivichovya kwenye spiriti tupu, ili wajue kinachofanya kazi ni jani wala si spiriti.

Mzee akavaa miwani, akainama. Kuzunguka karatasi ya spiriti tupu, bakteria walikuwa wamejaa tele. Kuzunguka ile ya majani palikuwa na duara jembamba, jeupe, lisilo na kitu.

“Ni nini kimewafukuza?”

“Tunadhani ni kemikali ziitwazo flavonoidi, au poliasetilini,” Sally akajibu. “Jani linazo zote mbili. Bado hatujazitenganisha.”

“Cucu hakuwa mjinga!” Mzee akapiga meza kofi.

“Hakuwa,” Aoko akasema. “Ila duara ni dogo. Mguu wako bado ulihitaji sindano.”

“Nakubali, Mwalimu.”

Okinyi, kijana wa dawati la nyuma, akainua mkono na kumwita babu kwa Kikuyu. “Guka, cucu yako alitumia majani mabichi ama makavu? Alikuwa anayaosha?”

Mzee Irungu alivuta kiti, akanyoosha mguu wenye bandeji, na kuanza kukumbuka. Kengele ya chakula cha mchana ililia, na hakuna aliyeondoka.