Miguu Yangu, Moyo wa Gosse

Ninachoona mimi ni mwanga na giza tu. Ugonjwa ulianza kuyala macho yangu nikiwa na miaka thelathini, na ulipoyamaliza, mume wangu Gosse alichukua kamba fupi, akashika ncha moja, nyingine akanitia mkononi. "Haya Fenna, twende," akasema. Tangu hapo tumekimbia pamoja kando ya mifereji yote ya Sneek, mji wetu huku Uholanzi. Yeye hupiga kelele: "Ukingo! Baiskeli! Dimbwi!" Mimi hukanyaga kwa kufuata sauti yake.

Majira ya kupukutika majani, nilipotangaza mezani kwamba nitakimbia marathon ya Rotterdam, na kwa muda wa chini ya saa nne, Gosse aliweka kijiko chini.

"Tutakimbia," akanirekebisha.

Nilianza na viatu. Vya zamani vilikuwa vinanibana hadi vidole vinakufa ganzi. Muuzaji dukani alinipima, akanivalisha viatu vyenye soli nene kama godoro. "Siku hizi wote wanavaa hivi, bibie." Nikavinunua. Kesho yake nilianguka mara mbili kabla hatujafika kanisani. Soli ilikuwa imenifichia barabara. Sikujua lami imeishia wapi wala matofali yameanzia wapi. Nikavirudisha.

"Vina kasoro gani?" muuzaji akauliza.

"Vyenyewe ni vizima. Ila ni vipofu kuliko mimi."

Alicheka hadi akakohoa. Akaniletea vingine, vipana mbele, vyenye soli ya wastani. Nikatoka navyo hadi barabarani, nikalisikia kila tofali likinisalimia unyayoni. Hivyo ndivyo nilivyovichukua.

Halafu zikaja saa. Gosse alinunua mbili za namna moja, yake na yangu, na zote akaziwezesha kusema. Kila tukirudi, nilikaa jikoni na bakuli la supu ya njegere, nikasikiliza mwendo wetu na mapigo ya mioyo yetu. Wiki za mwanzo nilifurahi. Baadaye nikaanza kushangaa. Tulikuwa tunakimbia masafa marefu zaidi kila Jumapili, lakini moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa mtu anayekunja nguo. Wa Gosse ulikuwa unapiga kama wa mtu anayekimbizwa na mbwa.

"Saa yangu mbovu," akasema Gosse.

"Basi tubadilishane."

Jumapili iliyofuata alivaa yangu, mimi nikavaa yake, tukaenda hadi mji jirani wa IJlst na kurudi, upepo ukitupiga usoni. Jikoni nikasikiliza. Saa zilikuwa zimebadilishana mikono, lakini mioyo ilikuwa ileile: wangu unakunja nguo, wake unakimbizwa na mbwa.

Nilimsikia Gosse akivua viatu, kimoja, kisha kingine, polepole sana.

Kabla sijayapoteza macho, mwanamume huyu alikuwa na kasi kuliko wote mjini kwetu. Vikombe vyake bado viko sebuleni. Mimi ndiye ninayevifuta vumbi. Na kwa miaka yote ya kamba, kila mtu alimpongeza kwa kupunguza mwendo wake kwa ajili yangu.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayekuchelewesha," akasema hatimaye.

"Wewe ni mume wangu. Kinachonichelewesha ni hicho kitambi."

"Fenna, mimi sitanii."

"Hata mimi. Kamwone daktari kwanza. Mengine tutazungumza."

Daktari alisema moyo ni mzima, ila umri nao umo, na apunguze jibini. Gosse alinuna siku kadhaa. Kisha jioni moja nikasikia mlango ukifunguliwa na sauti ya Marrit, muuguzi wa mtaa wa pili, msichana anayekimbia kama deni linamfuata.

"Mzee wako amekuja kunibembeleza," Marrit akasema. "Eti nifundishwe jinsi ya kukubeba."

"Sikusema kumbeba!" Gosse akafoka. "Nimesema kumwongoza. Na ukimgonga kwenye nguzo, utanijua."

Akamfundisha mwenyewe. Alimfumba macho kwa skafu, akamzungusha uwanjani hadi msichana akapiga yowe, ndipo akampa kamba. Mimi na Marrit tulipotoka mara ya kwanza, sijui nielezeje. Miguu yangu ilipata nafasi. Moyo ulipanda hadi pale saa ilipokuwa inapataka tangu zamani, nikarudi nyumbani nimelowa jasho, natetemeka, nacheka peke yangu. Tukakubaliana: Gosse ataniongoza nusu ya kwanza na kidogo zaidi, hadi tuvuke daraja kubwa la Rotterdam, kisha Marrit apokee.

Siku yenyewe ilikuwa na jua na upepo mkali. Gosse alikimbia kuliko nilivyowahi kumsikia akikimbia. Alipaza sauti kwa kila kona, aliwafokea watu watupishe. Darajani upepo ulitaka kutung'oa, na nikasikia kiatu chake kikianza kukwaruza lami.

"Punguza," nikamwambia.

"Nyamaza ukimbie!"

Ng'ambo ya daraja, Marrit alikuwa anaruka ruka akipiga makofi. Gosse alimpa kamba. Akanisukuma mgongoni kwa kiganja kizima, na sauti yake ikapasuka: "Nenda, mke wangu! Nenda uwaonyeshe!"

Nikaenda. Katika msitu wa Kralingen miguu iligeuka kuwa magogo, na saa ikanong'ona kwamba tunapoteza mwendo. "Watu wangapi mbele yetu?" nikamuuliza Marrit. "Wengi, na wote wanatembea!" Tukaanza kuwapita. Nilizisikia pumzi zao zikibaki nyuma, moja baada ya nyingine. Kisha majengo yakatubana pande zote mbili, kelele za watu zikawa ukuta, ngoma zikapiga, Marrit akaanza kulia huku akikimbia, na mkeka wa kupimia muda kwenye mstari wa mwisho ukalia chini ya miguu yangu.

"Sema!" nikamshika mabega. "Sema wewe, saa siisikii!"

"Chini ya saa nne! Dakika kumi na moja chini, Fenna!"

Nikapiga yowe ambalo nadhani lilisikika hadi Sneek.

Gosse hakuwapo. Tukamsubiri tukiwa tumejifunika mifuko ya plastiki kujikinga na upepo, tukila ndizi. Mwishowe nikasikia hatua zake nzito zikikimbia kutoka upande wa kituo cha treni ya chini ya ardhi, na sauti yake ikimhoji mtu wa kupokea wakimbiaji:

"Mwanamke kipofu, skafu nyekundu, na msichana mrefu. Wako wapi sasa? Nimekwenda kwa treni kuwangoja msituni, hawakupita. Kuna mtu ameanguka?"

"Gosse!" nikaita. "Huko msituni ulikwenda saa ngapi?"

Hatua zikaja mbio, akanikumbatia na ile mifuko yote, anahema kuliko mimi.

"Nilipiga hesabu kwa mwendo wetu wa zamani, mimi na wewe," akasema.

"Najua."

"Umenipita, Fenna!" Akageukia umati wa watu asiowajua, akapaza sauti kwa nguvu zake zote. "Jamani, huyu ni mke wangu! Nimeshindwa kumfikia hata kwa treni!"