Unga Uliorudishwa

Silvesta alipopandisha spika juu ya paa la bati la duka lake, watu wa Njiapanda walijua kiangazi hicho hakuna atakayelala mchana.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja na kibaraza, lakini ubaoni aliandikisha BARAKA SUPAMAKETI, na hayo maandishi yalikuwa mapana kuliko mlango. Kila siku jua likishapanda anakohoa kwenye spika, halafu anaanza. "Habari za kiangazi kutoka dukani! Sukari imefika! Friji limepona!" Hilo friji lilianza kuugua tangu masika, na senta nzima ilitangaziwa hali yake kama mgonjwa wa ukoo. Akimaliza friji anatangaza nani kanunua nini, nani mbuzi wake kaonekana kwenye mihogo ya nani. Mtu wa Kahama mjini yule. Alidhani huku upande wa Ushirombo watu hawajui mambo mpaka waambiwe na bati.

Bibi Monika hakuwa na shida na spika. Alikuwa na kazi. Kiangazi ndiyo wakati wa kubadilisha nyasi za nyumba, na nyasi zake zilikuwa zimeoza. Akaita vijana, wakazishusha zote, nyumba ikabaki miti mitupu juu. Nyasi mpya zilikuwa zimelala mabondeni zikisubiri kukatwa. Na yeye, wakati anasubiri, akawa anakanyaga udongo wa kukandika ukuta, kanga kuukuu kiunoni, matope mpaka magotini. Ndivyo mtu mwenye akili anavyofanya. Huwezi kukandika ukuta umevaa kitenge cha Pasaka.

Siku hiyo ndiyo Silvesta alipita na pikipiki, na Gregory mpiga picha kapakizwa nyuma. Wakasimama, wakamtazama, wakaondoka bila kusalimia. Bibi akasema moyoni, hawa wamelelewa na nani?

Kesho yake jirani yake Mageni alikuja anakimbia, kandambili moja mkononi.

"Bibi! Bibi! Umetangazwa!"

"Nimefanya nini?"

"Umekuwa maskini!"

Bibi Monika alitoa mguu kwenye udongo taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Spika inasema duka limechagua mhitaji wa kiangazi, kila mtu akatie mchango wake kwenye ndoo pale kaunta. Eti unalala nje, huna paa. Na bango wameshalitundika."

Akaenda kuliangalia bango. Yuko pale, mkubwa kuliko alivyo, miguu ya matope, nyuma yake nyumba haina kitu juu. Mdomo uko wazi, kwa sababu picha ilipopigwa alikuwa anamkaripia mbuzi. Chini wameandika: MREJESHEE BIBI TABASAMU.

"Tabasamu langu limepotelea wapi mpaka lirejeshwe?" aliuliza. Wanunuzi wakacheka chinichini. Kila mmoja pale alijua nyumba inaezekwa upya, na wengine walikuwa wamemuahidi kamba za kufungia. Lakini hakuna aliyesema. Spika ikishasema, mtu anaona uvivu kubishana na bati. Na wengine walishaona godoro la msaada limeegeshwa kaunta, wivu ukawafunga midomo.

Haya, hayo yote Bibi Monika angeyacheka tu yakapita. Kilichomchoma kilikuja wiki hiyohiyo, alipofariki baba mkwe wa Luka, jirani wa palepale senta.

Huku kwao mwanamke haendi msibani mikono mitupu. Anabeba bakuli lake la unga, na kuni akijaaliwa, anafika kwenye mafiga, anamimina mwenyewe kwenye ndoo kubwa mbele ya mkuu wa wapishi. Unga ule ndiyo mtu mwenyewe. Leo unampelekea mwenzako, kesho unaletewa. Asiyepeleka, siku yake ikifika, watu wote wanakumbuka kwamba wana mihogo ya kumenya.

Mkuu wa wapishi alikuwa Mama Justa, mwanamke wa sauti nene, mkono juu ya mfuniko wa ndoo. Bibi Monika alipoinua bakuli, mfuniko ukashuka.

"Mayu, mama yetu, wewe pumzika. Umesamehewa."

"Nimesamehewa kosa gani?"

"Siyo kosa. Wewe sasa ni mhitaji. Kikundi chetu cha misiba kilikubaliana zamani, mhitaji hatoi unga. Unaikumbuka sheria hiyo, ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Tuliiweka kwa ajili ya yule kipofu wa kule mtoni, ambaye hana shamba wala mtu."

"Sheria haina macho, mayu. Jina lako liko kwenye spika."

Wanawake wakatazama moto. Bibi Monika akageuka na bakuli lake. Njia nzima watu walikuwa wanaelekea msibani, na wote waliuona unga unarudi. Umri wote ule hajawahi kurudi na unga. Usiku hakulilia paa wala bango. Aliiona siku yake mwenyewe: ndoo kubwa tupu, mafiga ya baridi, na Silvesta anatangaza kwenye spika kwamba friji limepona.

Asubuhi akaenda dukani.

"Shikamoo, Bibi yetu!" Silvesta akasema, meno yote nje.

"Marahaba. Litoe jina langu kwenye hiyo spika yako."

"Bibi, haiwezekani. Watu wameshachanga. Mgeni rasmi nimeshamwalika. Nikisema leo nyumba haina tatizo, mimi nitaonekana mtu gani?"

"Utaonekana mtu anayepita na pikipiki haangalii vizuri. Mwanangu, ukitaka kuweka nyasi mpya unatoa kwanza za zamani. Au kwenu Kahama mnaezeka juu ya uozo?"

"Kule tuna bati, Bibi."

"Nimesikia. Linaongea kutwa." Akatazama kaunta. "Kwanza hicho mlichochangisha ni cha paa. Paa liko wapi?"

Silvesta akakuna shingo. "Paa halikuwezekana. Kuna godoro, na gunia la mchele. Vimenunuliwa hapahapa, kuepusha usumbufu."

Angalia huruma hiyo! Mchango wa watu unaingia mlangoni kwa Silvesta, unazunguka kaunta, unatokea kama mchele wa Silvesta uliokaa mpaka wadudu wakazaliana humo. Mchango wake yeye ulikuwa mdomo tu.

Bibi Monika akapapasa gunia la mchele. Hakuwa mtu wa haraka. Kukataa msaada kungemfurahisha siku moja, lakini kusingeurudisha unga wake ndooni. Mwishowe akasema, "Basi huo mchele nitaupika siku ya sherehe. Wageni wale."

"Bibi, una akili!" Silvesta akapiga makofi. "Itatoka vizuri sana kwenye picha!"

Siku ya sherehe ilipofika nyumba ya Bibi ilikuwa na nyasi mpya, nene. Vijana walioezeka walikula michembe ya viazi kwa karanga wakaondoka wamebeua. Hakuna aliyetoa tangazo.

Uani kwa duka walipanga viti vya plastiki. Mgeni rasmi alikuwa Eustace, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu njia ya Geita. Alivaa miwani nyeusi, na wote walijua ndani yake amelala. Silvesta akasifu duka, akasifu friji, akamsifu Eustace, na mwisho kabisa akakumbuka kuna bibi. Bibi Monika akapokea godoro, kapigwa picha. Akashikishwa gunia tupu la mchele, kapigwa picha. Mchele wenyewe ulishaiva. Mama Justa na wenzake waliupakua kwenye sahani, na Silvesta, ili picha ipate uhai, akawa wa kwanza kujaza shavu.

Hapo Bibi Monika akaomba spika.

"Wabeja, asanteni, watu wa Njiapanda. Nimepewa mchele, nimeupika. Sasa niwaambie mnakula nini. Mimi nimesamehewa kupeleka unga msibani. Na asiyepeleka unga watu hawaji kumzika, nyote mnajua, hata watoto wanajua. Kwa hiyo siku yangu hamtakuwepo. Nikaona aibu mkose chakula cha matanga yangu kwa sababu ya huruma ya duka. Ndicho hiki. Kuleni sasa, wakati mwenyewe ningalipo niwakaribishe."

Vijiko vikashuka. Mtu mmoja nyuma alitema pembeni na kujipangusa ulimi kwa shati. Kula matanga ya mtu aliye hai, tena amesimama mbele yako anakuhesabu! Hata mbwa angeuliza kwanza. Silvesta alibaki na wali shavuni, hamezi, hatemi, maana mgeni rasmi alikuwa ameamka. Gregory akabonyeza kamera.

Mama Justa akasogea mbele, mwiko mkononi, jasho usoni. "Mayu, unatutakia nini sisi?"

"Siwatakii kitu, mwanangu. Nawalisha."

"Futa hayo maneno."

"Nitayafuta na nini?"

Mama Justa akashusha mwiko. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake yeye bado ilikuwa ya kusikika barabarani, "Huo unga uko wapi?"

Bibi Monika akainama chini ya benchi, akafunua kanga. Bakuli lilelile, unga uleule.

"Mageni, lete ndoo ya kikundi."

Silvesta akaanza kupunga mikono, akaongea kupitia wali. "Lakini Bibi bado ni mhitaji wetu! Bango lipo! Sheria yenu..."

"Wewe meza kwanza," Mama Justa akamwambia.

Watu wakacheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Ndoo ikaletwa, mfuniko ukatolewa, na Bibi Monika akamimina mwenyewe, taratibu, mpaka vumbi la mwisho, akagonga kitako cha bakuli kama inavyogongwa. Mama Justa akasema kwa nguvu, "Umepokelewa." Wanawake wakaitikia.

"Haya," Bibi akasema kwenye spika, "sasa huo ni wali tu. Wali wa dukani, una mawe. Tafuneni polepole."

Wakala. Godoro alilichukua, hakuwa mjinga.

Kesho yake spika ilitangaza kwamba sukari imefika na friji limeugua tena. Habari za bibi hazikuwemo, na bango lilikuwa limeshushwa. Baadaye lilionekana limefunika magunia ya chumvi, tabasamu limeangalia ndani. Na ulipotokea msiba mwingine kule ng'ambo ya mto, Bibi Monika alijitwisha bakuli lake la unga. Njia ya kanisani ndiyo fupi. Yeye akazunguka, akapita mbele ya duka, akasimama katikati ya kibaraza ili aonekane vizuri, akasubiri mpaka asalimiwe.

"Shikamoo, Bibi," Silvesta akasema, akipunguza spika.

"Marahaba. Hili litangaze."