Umefiwa na Nani?

Mjomba hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Kwa hiyo alipogonga mlango wa chumba cha mpwa wake, akasubiri kuitikiwa, kisha akaingia na kuketi ukingoni mwa kitanda, msichana aliweka kalamu chini na kujiandaa kwa ubaya.

"Nimeongea na watu," alisema Mjomba.

Hilo ndilo aliloliogopa. Mjomba alikuwa wakala wa bima ya maisha, na kazi yake ilikuwa kuongea na watu mpaka wachoke kukataa. Mtaani walipomwona anakuja na mkoba wake, wenye afya walivuka barabara na wagonjwa walijifanya wamelala.

Safari hii jambo lilikuwa usaili. Chuo cha udaktari kilikuwa kimemwita mpwa wake siku ya Alhamisi, naye alikuwa na shahada ya biolojia yenye doa. Mwaka wa pili alipata D ya kemia na akafeli fiziolojia. Baada ya kuhitimu alifanya kazi miaka mitatu katika chumba cha kutolea damu hospitalini, ambako wagonjwa walimbatiza jina la Dada Sindano. Jioni alirudia masomo yale mawili katika chuo kidogo, akapata A zote mbili. Aliamini kwamba A hizo zingemtetea. Mjomba alimtazama kwa huruma.

"Mama, A haimtetei mtu. A inaleta maswali. Wataanza kuuliza, huyu wa D ni nani na huyu wa A ni nani? Unahitaji sababu ya ile D."

"Sababu ipo."

"Ipo, lakini haifai."

Akaeleza yale aliyoyapata kwa watu wake. Kwa mujibu wao, hakuna mwombaji mwenye alama mbovu aliyepita bila msiba. Ugonjwa haukuwa na thamani tena, maana kila mtu amewahi kuugua. Kifo ndicho kilichopita, na marehemu alipaswa kuwa ndugu wa karibu, lakini si wa karibu mno, wasije wakadai cheti. Kwa kuzingatia hayo yote, Mjomba alimpendekeza Bibi.

Bibi, ambaye alikuwa mama yake Mjomba, alikuwa sebuleni akikunja nguo, na mlango ulikuwa wazi.

"Niueni tu," alisema bila kuinua macho. "Ila msinipe ugonjwa wa ovyo. Nife kwa moyo."

"Mama, ni maneno tu."

"Najua ni maneno. Na bima zako pia ni maneno."

Dada Sindano alikataa. Alisema angeeleza ukweli, basi. Mjomba aliinuka, akasema sawa, akatoka. Hapo ndipo shaka ilipomwingia msichana hasa. Mtu anayeishi kwa kuuza bima hakubali hapana ya kwanza. Siku zilizofuata alimwona akitoka nje kila simu yake ilipolia. Mara moja alisikia jina la chuo likitajwa kwa sauti ya chini, na alipouliza akajibiwa kwamba ni mteja. Mama yake msichana alifanya kazi mbali tangu zamani, na kwenye fomu ya maombi Mjomba ndiye aliyeandikwa kama mlezi. Sasa alijuta kwamba hakumwandika Bibi.

Ukweli wenyewe haukuwa na fahari. Katika jaribio la kwanza la kemia alikuwa wa mwisho darasani, na mhadhiri alisoma alama kwa sauti. Kesho yake hakwenda. Alipokosa siku moja, aliona haya kwenda siku ya pili. Mwezi ulipokwisha alikuwa akiisoma ratiba ya vipindi kwa sababu moja tu, ajue ni korido gani za kuepuka. Asubuhi zake zilipita kantini akicheza drafti na wapishi, na akawa hodari kiasi kwamba walikataa kucheza naye bila kupewa kete mbili za bure. Nyumbani alisema anafaulu vizuri. Bibi akampeleka kwa fundi na kumshonea gauni la pongezi. Alama zenyewe walikuja kuzijua siku ya kuhitimu, vyeti vilipopita mkono kwa mkono.

Alipanga kuwaeleza wasaili habari za kemia, korido na drafti. Habari ya gauni hakuipangia chochote.

Alhamisi alikuta benchi limejaa. Waombaji walikuwa wamekumbatia bahasha zao kifuani, kila mmoja akimwangalia jirani kama mwanafunzi anayehofia kunakiliwa. Kijana aliyevaa tai pana, bila shaka ya baba yake, alisogea kidogo ili kumpa nafasi. Kisha alimwinamia.

"Samahani, dada. Wewe umefiwa na nani?"

"Sijafiwa."

Kijana alimtazama kwa huruma, kisha huruma ikageuka shaka.

"Basi una mtu ndani."

"Sina mtu."

"Aa, dada. Kila aliyekaa hapa ana kitu." Akahamishia bahasha yake paja la pili.

Yeye alikuwa amefiwa na baba mdogo, na alilalamika kwamba msichana aliyetangulia naye alikuwa na baba mdogo, tena wa ajali. Msichana huyo alipotoka akijipangusa macho, benchi zima lilimkagua kuona kama machozi yalikuwa ya kweli. Kijana alinong'ona kwamba wa kuogopwa ni profesa wa fiziolojia, ambaye wanafunzi walimwita Darubini. Alikuwa na kawaida ya kuuliza marehemu amezikwa wapi.

Wakamwita.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, glasi za maji zilizofunikwa kwa visahani, na feni iliyozunguka bila kupoza kitu. Katikati aliketi mwenyekiti, daktari wa upasuaji, mwanamke mwenye mikono iliyotulia mezani kama vifaa vilivyopangwa. Kulia kwake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa makamo aliyeletwa kuwakilisha wananchi. Kushoto alikuwa Darubini, mtu mwembamba ambaye hakujibu salamu mpaka alipomaliza kusoma ukurasa.

Aliuliza juu ya zile A kwanza. Alitaka kujua mtihani wa jioni ulisimamiwa na nani, chumba kilikuwa na watu wangapi, na kama walikaguliwa vitambulisho mlangoni. Dada Sindano alijibu moja baada ya jingine. Kila jibu lilipokelewa, likageuzwa, likawekwa kando kama sarafu inayoshukiwa kuwa bandia.

Kisha akafika kwenye ile D. Msichana alieleza yote kama alivyopanga: alama zilizosomwa kwa sauti, siku ya kwanza ya kutokwenda, korido, wapishi na kete mbili za bure. Mwalimu mkuu mstaafu alitabasamu. Mwenyekiti aliinua kichwa. Darubini peke yake alivua miwani.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna, Profesa."

"Wiki hii wewe ni wa tatu. Wa kwanza alisema alikuwa mvivu. Wa pili alisema alilewa ujana. Kuna vituo mjini vinawafundisha watu usaili, na vimegundua kwamba tumechoka na misiba. Sasa vinauza ukweli." Akairudisha miwani. "Kwa hiyo nakuuliza tena, bila hasira. Nani?"

Dada Sindano alijishikilia kwenye kiti. Alikuwa amejiandaa kukemewa kwa ukweli wake. Kushukiwa kwa sababu ya ukweli huohuo hakukuwa kwenye mipango. Alisema tena kwamba hakuna, na alipojisikia akasadiki kwamba hata yeye asingemwamini mtu anayesema hivyo.

Mwenyekiti alifungua faili. Alisema kwa upole kwamba namba ya mlezi ilikuwapo, na kwamba swali dogo halimuumizi mtu. Kabla Dada Sindano hajapata neno la kumzuia, mwenyekiti alikuwa amekwisha kubonyeza namba kwenye simu ya mezani na kufungua spika.

Mjomba alipokea kwa sauti ambayo mpwa wake hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu aliyetoka kuzika. Sasa msichana alielewa kwamba zile simu za nje zilikuwa mazoezi. Mjomba aliwashukuru wakubwa kwa kupiga. Akasema mtoto huyu ameteseka sana, kwamba mwaka ule wa pili bibi yake mpenzi aliitwa na Mola, kwa moyo, na tangu hapo daftari likawa halifunguki.

"Poleni," alisema mwenyekiti. "Alizikwa wapi?"

Darubini alimtazama mwenzake kwa heshima.

Kabla Mjomba hajajibu, sauti nyingine ilisikika kwa nyuma, ikiuliza ni nani huyo kwenye simu na kwa nini anaongea kama amekabwa. Mjomba alifunika simu, lakini hakuifunika vizuri. Mwalimu mkuu mstaafu alijifanya anakunywa maji. Mwenyekiti aliomba kuongea na huyo anayeuliza.

Kulikuwa na mvutano mfupi, kisha simu ikabadilisha mikono.

"Haloo. Mimi ndiye marehemu. Wewe ni nani, mwanangu?"

Mwenyekiti alijitambulisha, akaomba radhi kwa usumbufu, akauliza kilichotokea mwaka ule wa pili. Bibi hakujibu papo hapo. Dada Sindano aliyajua mapumziko yale. Bibi alikuwa akiketi.

"Mwaka ule alituambia anafaulu vizuri. Nikamshonea gauni. La bluu, lenye mikono ya marinda. Akalivaa, akazunguka hapa sebuleni, akanishukuru. Kumbe darasani haendi." Akapumua. "Mpaka leo halivai nikiwepo. Anafikiri sioni."

Mwalimu mkuu mstaafu alirudisha glasi mezani.

"Hiyo nafasi ataipata?"

"Bado hatujaamua, mama."

"Basi msimwambie kwamba nimesema la gauni."

"Anakusikia, mama."

Bibi aliguna.

"Haya. Mwambieni akirudi apitie mkate."

Simu ilikatwa. Feni iliendelea kuzunguka. Dada Sindano aliangalia glasi ya maji iliyokuwa mbele yake, na uso ulikuwa ukimwaka kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya wageni.

"Hilo la gauni hukutuambia," alisema Darubini.

"Sikulisema."

"Kwa nini?"

"Ya kantini naweza kuyasimulia. Hata kuchekesha nayo naweza. Lakini lile…" Akatikisa kichwa. "Alilipia kwa fundi, na mimi nikazunguka mbele yake. Lile siwezi kulisimulia."

Mwalimu mkuu mstaafu alimgeukia jirani yake. "Profesa, vile vituo vinauza na magauni?"

Darubini hakucheka. Aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Kisha akauliza swali lake la mwisho. Alisema kila anayeingia chuoni hufeli kitu, wenye akili kwa wasio nazo, na alitaka kujua yeye, siku hiyo ikifika, angekwenda wapi.

Jibu zuri lilimjia mara moja. Lilikuja haraka mno, naye akalitilia shaka kwa sababu hiyo.

"Nitataka kujificha," alisema. "Hilo nalijua. Nitajaribu nisijifiche. Zaidi ya hapo nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Kijana wa tai pana alimdaka mlangoni kujua wamemuuliza nini. Alimwambia kwamba wamempigia simu bibi yake.

"Marehemu?"

"Huyohuyo."

"Na ulisema hujafiwa," alisema kijana kwa uchungu wa mtu aliyezungukwa, akakataa kuongea naye tena.

Nyumbani walikula ule mkate. Mjomba alijitetea kwamba alitaka kusaidia, na Bibi akamwambia kwamba siku nyingine akimuua, amfungie kwanza chumbani. Kuhusu gauni hakuna aliyesema neno. Dada Sindano alirudi kazini kwake, akafunga mpira kwenye mikono ya watu, akatafuta mishipa, akajaza vichupa. Kila simu ya hospitali ilipolia aliamini ni ya kumkataa.

Mwenyekiti alipiga mwenyewe. Walikuwa wamempokea, kwa sharti. Muhula wa kwanza alipaswa kufaulu kila somo, na akifeli hata moja nafasi ingekwenda kwa mwingine. Alisema pia, kwa sauti isiyo na rangi, kwamba mmoja wa wasaili bado hakuridhika. Mjomba alitangaza mtaani kwamba ni simu yake iliyofanya kazi, na kwa wiki nzima aliuza bima bila kukimbiwa.

Jaribio la kwanza la fiziolojia lilirudishwa asubuhi moja, karatasi zikiwa zimegeuzwa chini. Dada Sindano aligeuza yake. Alikuwa amefeli. Halikuwa jambo la kukosa nusu alama. Alikuwa amepotea ukurasa wa kwanza na hakurudi njiani tena.

Aliikunja karatasi. Ngazi ya kushuka ilielekea getini, na nje ya geti kulikuwa na mji mzima ambao haukumjua. Alisimama pale juu ya ngazi mpaka wenzake walipokwisha kupita. Kisha akapanda.

Mlango wa Darubini ulikuwa wa mwisho kwenye korido ya juu. Aligonga. Ulipofunguka, profesa alimtazama, kisha akachungulia korido kulia na kushoto, kama anayemtafuta aliyemtuma.

"Nimefeli," alisema.

"Najua. Mimi ndiye niliyesahihisha." Mkono wake ulibaki kwenye kitasa. "Umekuja kuomba alama?"

"Hapana. Nimekuja unionyeshe nilipoanzia kupotea."

Profesa alimpima. Macho yake hayakulainika. Hatimaye aliachia kitasa, akaondoa rundo la vitabu kwenye kiti cha pili, akakivuta karibu na meza.

"Fungua karatasi," alisema. "Na mlango uache wazi."