Kidole Gumba cha Domitille

Paluku hakuwa na viatu. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala karatasi yoyote yenye jina lake, wala binti yake.

Vyote vilibaki Uganda, ng'ambo ya ziwa, alikokimbilia na mtoto wakati wa vita vya Ituri. Askari wa mpaka walimkamata na kusoma majina katika karatasi zao.

"Wewe Paluku, mtoto Masika. Umemwiba wapi?"

Alieleza kwamba kwao Wanande mtoto huitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa. Masika ni msichana wa kwanza, na jina la baba halimo. Walimjibu kwa kitako cha bunduki, wakamrudisha Kongo kwa mtumbwi. Mtoto alipelekwa nyumba ya yatima. Mkuu wa nyumba ile alimtumia neno: mkunga aliyemzalisha marehemu mke wako aandike ushahidi, la sivyo msichana atapewa watu wengine.

Ndiyo maana Paluku alikuwa Bunia, mtaa wa Lumumba, kwa mkunga Domitille asiyejua kuandika, akimwandikia ushahidi juu ya goti huku nyumba za jirani zikiungua. Neno la mwisho lilikuwa bado kukauka mlango ulipopigwa teke. Aliingia Vital, kijana wa mtaa aliyejiunga na wapiganaji. Panga lake lilikuwa limelowa.

"Mama Domitille, huyu muntu ni wa wapi?"

"Wa kwangu. Na weye, nilikukata kitovu. Hata siku ile ulitanguliza matako. Mupaka leo haujui kuingia mu nyumba ya watu."

Vital hakucheka. Alimshushia Paluku panga. Domitille akatia mkono wake wa kulia katikati, na kiganja kikaangukia mkekani. Paluku alinyakua mchi wa kutwangia sombe ya majani ya mihogo, akampiga Vital kichwani, akampiga tena akiwa chini, mpaka miguu ikatulia.

Kisha alifunga kigutu cha Domitille kwa kitenge. "Mama, nikubebe hospitali."

"Leta barua kwanza. Kidole cha kushoto nacho ni changu."

Wino wa muhuri haukuwepo, wala haukuhitajika. Domitille alichovya kidole gumba mkekani, akakibandika chini ya jina la Masika.

Nje, wakimbizi walipita mbio kuelekea mpakani, na kati yao Agathe, mchuuzi wa kijiji cha Boga, mwenye karatasi za kuvukia. Paluku alimwita. Alikunja barua, akaipaka bugali baridi pembezoni, akaibana hadi ikashika.

"Umupe mukuu wa nyumba ya yatima mwenyewe, ndugu yangu. Mu mukono."

Agathe aliitia kifuani, akakimbia. Paluku akainama, akambeba Domitille mgongoni.