Mashimo Kumi na Mawili

Katika Orodha ya Bwana Wieger Looman, ukurasa wa arobaini na mmoja, mimi nilikuwa nambari na neno moja tu: "118: haikuchapishwa." Juu yangu, nambari 117, alikaa mpiga gitaa mwenye nywele zinazong'aa mafuta. Chini yangu, 119, mwigizaji wa filamu aliyekuwa akimkonyeza kila amtazamaye. Katikati yao, pengo. Na wakusanyaji wa postikadi za nyota wa muziki na filamu, kote Uholanzi, kuanzia Groningen hadi Maastricht, waliiamini Orodha ile kuliko macho yao wenyewe.

Lakini nilikuwapo, jamani! Mwaka 1961 niliimba, nikatoa santuri moja, na mchapishaji mmoja wa Rotterdam akanipiga picha nikiwa nimevaa koti la manyoya la kuazima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na meno yote kinywani. Alinitumia nakala ishirini, kisha akafilisika kabla mzigo wenyewe haujaenea madukani. Mama yangu, ambaye siku ya Jumapili hakuruhusu hata baiskeli itolewe bandani, alizitia zote ishirini jikoni, motoni. "Uso wa mwanangu hautauzwa pamoja na sigara," akasema. Nami nikaolewa na ter Horst, muuza rangi, nikafyata ulimi.

Mume wangu alipofariki, nikaanza kujitafuta. Miaka thelathini na miwili nimezunguka kwenye maonyesho ya wakusanyaji, na sijisifu bure nikisema kwamba nimekuwa fundi. Kadi za mfululizo ulioorodheshwa na Bwana Looman ni mia mbili na arobaini. Albamu yangu ina mia mbili thelathini na tisa, kona kali, migongo safi, hata alama ya kidole huioni. Mkusanyaji wa kweli hagusi kadi iliyotobolewa kwa pini. Hizo hutupwa kwenye boksi la viatu chini ya meza, zikingoja watu wa kukatakata na kubandika. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi, Fenna Haverkate, niinamie boksi la viatu? Ng'o!

Mara moja tu nilimwambia Bwana Looman kuwa 118 ni mimi. Aliwahi kuwa mwalimu wa jiografia, na alinitazama kama mwanafunzi aliyeweka Amsterdam kwenye ramani ya Ubelgiji. "Ushahidi, Bi Fenna?" Sikuwa nao. Tangu siku hiyo chama kizima cha wakusanyaji kikaniita Malkia wa Pengo. Nilicheka nao, na nikifika nyumbani nalia kwa hasira.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya Februari, mvua inapiga paa la ukumbi wa michezo wa Deventer, na Bwana Looman, mwenye miaka themanini na mmoja na macho yaliyochoka, akatangaza kwamba toleo la mwisho la Orodha linakwenda mtamboni Jumatatu. "Baada ya hapo nafunga kitabu," alisema. "Kilichomo kimo, kisichomo hakimo." Nilihisi kama natiwa motoni mara ya ishirini na moja.

"Malkia, nishikie meza kidogo," aliniita Tonnie, muuzaji kutoka Apeldoorn, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Njaa inaniua, nakwenda kutafuta mkate wa kroketi ya nyama. Na usimpunguzie mtu bei!"

Nikaketi. Haikupita dakika tano, akaja bwana mmoja aliyelowa mabega, akapiga magoti, akaanza kuchambua boksi la chini. Aliinuka na kadi moja mkononi.

"Hii senti hamsini, sivyo? Mke wangu atafikisha miaka sitini Alhamisi. Nataka nikate kichwa cha huyu, nibandike cha mke wangu. Koti litampendeza."

Nilitazama koti. Nilitazama aliyelivaa.

"Haiuzwi," nikasema.

"Lakini boksi limeandikwa bei, mama."

"Bwana, huyo unayetaka kumkata kichwa ni mimi."

Alinicheka. Kisha akaitazama kadi, akanitazama pua, akaitazama tena. Kicheko kikamkauka. Aliniwekea kadi kiganjani taratibu. "Nisamehe," alisema. "Mkasi nilikuwa nao mfukoni tayari."

Nilikuwa bado naitazama kadi Tonnie alipofika na mkate wake. Aliisoma juu ya bega langu, akaita. "Wieger! Looman! Njoo huku na lenzi yako, njoo ukione ulichokiita hakipo!"

Walikuja wote. Bwana Looman aliigeuza kadi, akasogeza lenzi, akasoma nambari, akasoma jina. Watu walionitania miaka yote walikuwa wamesimama nyuma yake wakitazama viatu vyao.

"Nimekosea, Bi Fenna," akasema. "Na nimekosea kwa sauti kubwa."

Alitoa kalamu, akafuta lile neno, akaandika jina langu kwa mwandiko wa darasani. Kisha kalamu ikasita. "Inabaki hali ya kadi. Imetobolewa kila kona. Kanuni ni kanuni, na mwenyewe unazijua. Lazima niandike mbovu."

"Mbovu mwenyewe!" Tonnie akafoka, mkate mdomoni.

Mimi nilikuwa natazama zile kona. Nyingine zilikuwa na kutu ya pini. Kila kona ilikuwa na mashimo matatu, si moja, na mtu hatoboi mara tatu kwa kukosea. Mtu nisiyemjua alinitundika ukutani. Akahama, akanibandua, akanichukua, akanitundika tena. Akahama tena, na hakuniacha. Wakati mimi nauza rangi na kufyata ulimi, nilikuwa nimeishi katika nyumba tatu za watu. Na miaka yote hiyo boksi lilikuwa miguuni pangu, na shingo yangu haikukubali kuinama! Niliona aibu, kisha fahari ikaja ikaifunika aibu yote.

"Hesabu mashimo," nikamwambia.

Alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Kumi na mawili."

"Basi andika hivyo. Kumi na mawili. Usipunguze hata moja."

Aliandika. Walipoanza kupiga makofi, mimi sikuinamisha kichwa. Nimekwisha kukiinamisha vya kutosha mbele ya mama yangu.

Tonnie alikataa senti zangu hamsini. Akanyoosha mkono kuifikia albamu yangu niliyokuwa nimeiweka mezani, akaifungua kwenye ule mfuko mtupu wa plastiki, kati ya mpiga gitaa na mkonyezaji. "Haya, Malkia, ingia mahali pako."

Nikaifunga albamu, nikamwuliza kama ana pini nne.