Samli ya Siku Nne

Asubuhi ile Datius aliliachia ziwa mara ya tatu, na Kemilembe akajua kwamba hali imegeuka. Mtoto wa miezi mitatu hasusi ziwa. Alilikamata, akanyonya mara mbili, akaliachia ili apate pumzi. Na pumzi yenyewe ilikuja kwa kugombaniwa. Kila alipovuta hewa, nyama za chini ya mbavu zilididimia ndani, na kooni ukatoka mkoromo mdogo ambao Kemilembe alikuwa akiusikiliza siku ya nne sasa, hata alipokuwa akimenya ndizi.

"Mlete," alisema Klaudia, mama mkwe wake, aliyekuwa amechutama mekoni.

Samli ilikwisha kupata moto juu ya kigae. Tangu kikohozi kianze, kila asubuhi na kila jioni, Klaudia alichovya unyoya wa kuku katika samli akamdondoshea mjukuu wake matone matatu katika kila tundu la pua. Samli hufungua kifua. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

"Watoto saba nimewatia, mwana wange. Hata huyo mumeo. Leo si anabeba gunia la kahawa peke yake?"

Waliokuwa hai walikuwa watano. Hakuna aliyewahi kumsimulia Kemilembe habari za wale wawili, naye hakuuliza. Mkamwana hahesabu makaburi ya nyumba aliyoolewa.

Tone la pili lilimpalia mtoto. Alikohoa bila sauti, akajipinda mgongo, midomo ikageuka rangi ya majivu. Kemilembe alimnyakua, akamwinamisha, akampigapiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi.

"Mae," alimwita mama mkwe wake, "nakwenda hospitali ya Rubya."

"Mumeo yuko Bukoba na kahawa yake. Unaondoka kwa ruhusa ya nani?"

"Ya midomo hii. Itazame."

Klaudia aliitazama. Kisha akainuka, akachukua kikapu chake, akaanza kutafuta mwavuli.

Hospitali ilikuwa mwendo wa saa mbili, na manyunyu yalikuwa yameilainisha njia ikawa utelezi mtupu. Klaudia aliushika mwavuli juu ya mtoto peke yake. Yeye mwenyewe alilowa mabega mpaka kiunoni. Walipofika kwenye daraja la magogo alisema, bila kugeuka:

"Wakikuuliza, sema ni baridi. Ya samli ni ya nyumbani."

"Kwa nini, mae?"

"Mke wa Lwakatare aliyasema ya kwake kwa mganga mmoja huko mjini, akachekwa mbele za watu. Mimi sichekwi na vijana niliowaona wakijinyea."

Kemilembe hakujibu. Na kwao, mkamwana akinyamaza amekubali. Alilijua hilo, na bado akanyamaza, maana masikio yake yote yalikuwa mgongoni, katika mbeleko, yakingoja pumzi inayofuata.

Aliyewapokea ni Protase, mganga msaidizi ambaye watu wote walimwita Dresa. Alizaliwa kijiji cha jirani, mwana wa Felicitas mfinyanzi. Alimvua mtoto nguo, akatazama kifua kikipanda na kushuka, akasikiliza kwa mipira yake ya masikioni mbele na nyuma, muda mrefu.

"Mmempa nini?" aliuliza kwa Kihaya.

"Ziwa la mama yake," Klaudia alijibu upesi.

"Na kingine?"

Klaudia aliutazama ukuta. Kemilembe alimtazama mwanawe. Kando ya pua samli ilikuwa imeganda, inang'aa. Alihisi macho ya mama mkwe yakimgeukia, akatamani Dresa aione mwenyewe ili yeye asiwe na la kusema. Dresa hakuiona. Alikuwa ameshika kalamu, anangoja.

"Samli," alisema Kemilembe. "Puani. Siku nne."

Protase hakucheka.

"Ilikuwa ikimpalia?"

"Mara kwa mara."

"Basi si yote iliyokwenda tumboni. Nyingine imeshuka kwenye mapafu, na mtoto huyu hana nguvu za kuitoa. Ndipo ugonjwa ulipojenga."

Alimchoma sindano ya penisilini, akaagiza mtoto ashikwe wima, asilazwe, na maziwa yakamuliwe, anyweshwe kwa kijiko, kidogo kidogo, pumzi ikitulia.

"Atapona?"

"Akifika kesho asubuhi bila kuchoka kuvuta, uniulize tena."

Hapo Klaudia akasema, kwa sauti ambayo Kemilembe hajawahi kuisikia nyumbani:

"Mwana wa Felicitas. Wangu wawili walianza hivihivi. Kifua kikaingia ndani, midomo ikawa hivi. Nami niliwatia. Kadiri walivyozidiwa, nilizidisha."

Protase alikuwa akikunja mipira yake. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sikuwaona, mae. Siwezi kusema."

Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kemilembe alingoja karipio. Halikuja. Klaudia aliingiza mkono kikapuni akatoa kibuyu kidogo cha samli, unyoya umechomekwa mdomoni. Alikuwa amekuja nacho ili matone ya jioni yasimpite mtoto. Alikisukuma chini ya benchi, akatoka nje kwenye mchirizi wa paa, akanawa mikono. Aliisugua kwa mchanga, akanusa, akasugua tena.

Aliporudi aliinyoosha mbele.

"Mlete nimshike. Umechoka."

Kemilembe alisita. Kusita kwenyewe kulidumu pumzi mbili za mtoto, lakini Klaudia alikuona, wala hakuirudisha mikono yake. Ilikuwa myekundu kwa kusuguliwa.

Akampa.

Mwanamke mzee alimsimamisha Datius begani, kiganja kimoja mgongoni, akaanza kuhesabu pumzi zake kwa Kihaya, polepole. Mkoromo ulikuwa palepale. Kemilembe akaegemea ukuta, akamsikiliza. Kila alipofika saba, Klaudia alinyamaza kidogo, kisha akaanza tena na moja.