Nilikwenda Peke Yangu

Maishani mwangu nimekuwa mpole mara moja tu, kwa kuambiwa, na mara hiyo moja ndiyo iliyotumaliza.

Mume wangu Barthélemy alikuwa seremala katika karakana ya kampuni ya madini hapa Likasi. Jioni aliwachongea misalaba wafu wa kambi yetu ya wafanyakazi bila kudai kitu. Mwaka ule, 1974, serikali ilikuwa imekwisha kukataza majina ya ubatizo. Kazini yeye akawa Kabwe, na mimi Albertine nikawa Mwansa. Nyumbani tuliitana kama padri alivyotubatiza, ila mlango ukiwa umefungwa.

Ndipo akafa mama yake Germain. Huyu Germain alikuwa rafiki wa mume wangu tangu utoto wao Kapolowe, na ndiye aliyemsimamia mtoto wetu Georges kwenye ubatizo. Alikuja kwetu macho mekundu, ameshika kipande cha mfuko wa simenti.

"Baba Georges, mama alisema mbele ya kufa: mukiniandika Ngoie tu, Petro hatanijua kule juu. Utie Suzanne. Njo hii, naliandika mwenyewe."

Barthélemy aliogopa, namjua. Lakini marehemu hakataliwi. Akachonga SUZANNE, herufi nene, za kupendeza.

Siku ya tatu baada ya mazishi mkubwa wa chama tawala kambini kwetu akapita makaburini, akalisoma. Germain aliitwa wa kwanza, akasema mume wangu akiwa amesimama palepale: "Minye naliomba Ngoie. Ile jina ingine, fundi njo aliitia kwa kichwa yake."

Barthélemy akapewa miezi minane katika gereza la Buluo. Kazi ikaisha, na nyumba ya kambi tukaambiwa tuirudishe mwisho wa mwezi.

Nilipokuwa nikifua koti lake la kazi nikakuta ile karatasi ya simenti mfukoni. Mwandiko wa Germain, jina la Suzanne, hadi tarehe ya kufa. Nilicheka peke yangu uani mpaka jirani akachungulia. Siku ya kuonana na wafungwa nikaipeleka Buluo, nimeificha kifuani.

Barthélemy alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Alipoiona hakushangaa. Kumbe alijua iko wapi tangu siku ya kwanza, na hakuniambia.

"Minaipeleka kwa chama leo," nikamwambia.

"Hapana, Mama Georges. Watamufunga Germain. Batoto yake saba, watakula nini?"

"Na yetu ine, banakula nini? Mawe?"

Akatabasamu. Kuteswa kwa kosa lako si sifa, akasema, lakini kuteswa bure na kuvumilia, hiyo Mungu anaiona. Amani yake ile ilinichoma kuliko hukumu yenyewe. Mtu ana haki ya kujitoa sadaka, sawa, lakini sisi watano alituuliza lini?

"Yezu alisema, ndugu yako akikukosea, wende kwake, mukuwe bawili tu," akaendelea. "Umuonyeshe karatasi kwa upole. Ataenda mwenyewe kusema kweli. Minamujua."

Nikatii. Mungu anisamehe, nilitii.

Nilimkuta Germain nyuma ya nyumba akichoma mahindi kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa. Mke wake Bibiane akaniletea kiti. Nikamwomba atuache kidogo. Ndiyo, mimi mwenyewe nilimwondoa shahidi, kwa sababu Injili inataka wawili tu. Nikaongea polepole, sikumtukana hata neno moja, nikampa karatasi.

Aliisoma. Machozi yakamtoka, tena machozi ya kweli, naapa.

"Pardon, Mama Georges. Pardon. Weye uko na roho ya kikristu."

Kisha akaikunja mara mbili na kuitia kwenye makaa.

Nilitumbukiza mkono. Nilipata majivu, na vidole viwili vikaungua.

"Barthélemy anajua kuvumilia," akasema, bado analia. "Minye sijue."

Nilikwenda chamani hivyohivyo, mkono umefungwa kitambaa. Mkubwa akaniuliza karatasi iko wapi, na nani aliiona. Nikamtaja Bibiane. Bibiane akaitwa, akasema hakuona kitu, na ni kweli hakuona.

Jumapili nikarudi Buluo, nikamweleza mume wangu yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulienda peke yako?"

"Si weye njo uliniambia!" Nilipiga kelele hadi askari akageuka. "Germain alitusaliti mara mbili, na ya pili, weye njo ulimufungulia mulango!"

Akaushika mkono wangu, akaviona vidole, akalia. Siku zote hizo alikuwa amechagua kuvumilia, na asiyechagua nilikuwa mimi. Sasa karatasi ilikuwa majivu na tulikuwa sawa, hakuna mwenye la kuchagua.

Askari akasema saa imetimia. Barthélemy akaanza Baba Yetu, maana hatukuwahi kuachana bila sala. Akafika kwenye kuomba tusamehewe makosa yetu, akakwama. Nikamngoja. Mwalimu mzima wa kuvumilia, akashindwa.

Basi nikaimalizia mimi, kwa sauti ya ugomvi, nikimtazama usoni: kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea.

Germain sikumfikiria hata kidogo.